Kompyuta Ikisema Haina la Kusasishwa, Kagua Inakochukua Programu

Mkazi anayeingia saiba kujaza fomu ya basari, kulipia huduma za eCitizen au kuwasilisha ripoti ya kodi kwa KRA huacha mengi kwenye kompyuta ile: nambari ya kitambulisho, PIN, nenosiri, wakati mwingine hata picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Usalama wa hayo yote haumtegemei mhudumu peke yake. Unategemea pia kama programu zilizomo ndani ya mashine bado zinapata marekebisho kutoka kwa wanaozitunza.

Suala hili limekuwa la karibu zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipomaliza huduma ya kawaida ya marekebisho kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Badala ya kuzitupa, baadhi ya wenye saiba, shule na vikundi vya vijana wanaziwekea Linux, hasa Ubuntu, Linux Mint au Debian. Ni uamuzi mzuri, kwani mifumo hiyo ni ya bure na mashine nzee huiendesha bila kulalamika. Tatizo huja baadaye. Mwenye mashine huambiwa kwamba Linux haiingiwi na virusi, akaamini, akaisahau. Miaka mitatu ikipita, mashine bado inawaka, bado inafungua tovuti, na ikiulizwa kama ina jambo la kusasishwa inajibu kwamba kila kitu kiko sawa. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli na bado likampotosha mwenye mashine. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulipima.

Ghala, orodha na bidhaa

Anayetumia Windows amezoea kutafuta programu kwenye intaneti, kuipakua na kuiweka mwenyewe. Linux ya jamii ya Debian na Ubuntu hufanya kazi kwa njia nyingine. Mashine huwa na orodha ya maghala inayoyaamini, yaani seva ambako programu zimehifadhiwa kama vifurushi. Vifurushi vinavyozungumziwa hapa si vile vya data vinavyonunuliwa kwa simu. Ni programu zilizofungwa tayari kuwekwa. Kutoka kwenye maghala hayo mashine huchukua karibu kila kitu: kiini cha mfumo, programu ya kuandikia barua, ya kupiga chapa, na maktaba ndogondogo ambazo mtumiaji hazioni kamwe.

Mwenye duka la rejareja ataelewa upesi. Kabla ya kuagiza mzigo, huomba orodha mpya kutoka kwa muuzaji wa jumla, ndipo anaagiza. Kwenye Ubuntu na Debian kazi hizo mbili zina amri mbili, zinazoandikwa katika dirisha la amri, yaani terminali:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Amri ya kwanza huleta orodha tu. Haibadilishi programu hata moja. Ya pili ndiyo inayopakua na kuweka bidhaa zenyewe. Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni kuandika ya kwanza, kuona maandishi mengi yakipita, na kuondoka wakidhani kazi imekwisha. Kosa la pili ni kuandika ya pili bila ya kwanza: mashine inaagiza kwa orodha ya mwezi uliopita.

Maandishi yanayopita wakati wa amri ya kwanza yanafaa kusomwa. Mstari unaoanza na neno Hit unamaanisha ghala limefikiwa na halina orodha mpya. Get ni orodha mpya inayopakuliwa. Ign ni mstari ulioachwa. Err ni ghala lililoshindikana kufikiwa au lililokataa, na hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Onyo la mwisho huanza na W na kosa huanza na E. Mhudumu akiona E hafai kufunga dirisha na kuendelea na wateja, maana huenda mashine hiyo haijapata marekebisho kwa majuma mengi.

Orodha yenyewe ilipo

Kwenye Ubuntu hadi toleo la 22.04, orodha ya maghala iko katika faili iitwayo /etc/apt/sources.list. Kuanzia 24.04 imehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources na imeandikwa kwa mpangilio mwingine, lakini maudhui ni yale yale. Mashine iliyowekwa ikiwa imechaguliwa Kenya huwa na mistari kama hii:

deb http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu jammy main restricted
deb http://security.ubuntu.com/ubuntu jammy-security main restricted

Sehemu ya anwani inaonyesha ghala. Herufi ke ni za Kenya, na kusudi lake ni kuielekeza mashine kwenye nakala ya ghala iliyotengewa nchi hii. Neno jammy ni jina la toleo. Kila toleo la Ubuntu lina jina na nambari: focal ni 20.04, jammy ni 22.04, noble ni 24.04. Nambari ni mwaka na mwezi, kwa hiyo 22.04 ilitoka Aprili 2022. Hata asiyejua kompyuta anaweza kujua umri wa mfumo kwa kuisoma nambari hiyo.

Mstari wa pili, wenye neno security, ndio unaoleta marekebisho ya usalama. Wapo wanaoufuta au kuuzima ili kuokoa bando. Kama kuna bando lisilofaa kuokolewa, basi ni hilo.

Ukimya wa toleo lililokwisha muda

Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, kwa mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake linatokana na lugha za Kinguni. Mswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno utu. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutoka toleo la muda mrefu ambalo hupewa marekebisho kwa miaka 5. Katikati hutoka matoleo ya muda mfupi, na hayo hupewa miezi 9 pekee. Mashine ya saiba au ya shule haina sababu ya kuwekewa toleo la muda mfupi. Fundi anayeliweka kwa kuwa ni jipya zaidi anamwachia mteja kazi ya kubadilisha mfumo kabla ya mwaka kwisha.

Muda ukiisha, aina hizo mbili huwa na tabia tofauti. Toleo la muda mfupi huondolewa kwenye maghala ya kawaida na kuhamishiwa seva ya matoleo ya zamani. Mashine ikiulizia orodha inapata kosa la 404, yaani kilichotafutwa hakipo. Linaudhi, lakini afadhali mtu anajua kuna shida.

Toleo la muda mrefu ndilo la kuangaliwa zaidi. Ubuntu 18.04 ilimaliza muda wake wa kawaida mwishoni mwa Mei 2023, na 20.04 mwishoni mwa Mei 2025. Maghala yake hayakuondolewa. Mashine ikiandikiwa sudo apt update inayafikia vizuri, inaonyesha Hit kila mstari, halafu inamalizia kwa kusema vifurushi vyote viko katika hali ya sasa. Mashine haidanganyi. Ina kila kilichomo kwenye ghala. Ni kwamba ghala lenyewe haliletewi tena mzigo wa kawaida. Duka linaweza kuwa na bidhaa zote za orodha ya mwaka juzi na mwenye duka akajisifu kwamba hakuna kilichopungua.

Ndiyo maana kukagua orodha peke yake hakutoshi. Lazima kukagua na toleo. Amri ya kuonyesha toleo ni hii:

cat /etc/os-release

Kwenye Ubuntu kuna nyingine inayoeleza ni vifurushi vingapi bado vinapata marekebisho ya usalama na vingapi havipati:

pro security-status

Anayetumia Linux Mint afahamu kwamba Mint ya kawaida hujengwa juu ya Ubuntu: Mint 21 juu ya 22.04 na Mint 22 juu ya 24.04. Muda wake hufuata msingi huo. Debian nayo hutoa toleo takriban kila miaka miwili. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na Debian 13 Agosti 2025.

Kunyamazisha kosa si kuliponya

Baadhi ya shule, vyama vya akiba na mikopo na biashara huendesha seva za CentOS. CentOS 7 ilimaliza muda wake tarehe 30 Juni 2024. Baada ya hapo anwani iliyokuwa ikielekeza mashine kwenye maghala iliacha kufanya kazi, na seva zikaanza kulalamika kwamba haziwezi kumpata mirrorlist.centos.org. Mtu asiyejua historia hiyo hudhani intaneti imekatika na kumpigia simu mtoa huduma.

Ufumbuzi unaosambaa ni kubadilisha anwani ili ielekee vault.centos.org, ambako matoleo ya zamani yamehifadhiwa. Kosa hutoweka papo hapo. Lakini vault ni kumbukumbu, kama magazeti ya zamani yaliyofungwa maktabani. Hakuna toleo jipya litakaloongezwa. Kazi yake halali ni kumsaidia msimamizi kupata kifurushi anachohitaji wakati anahamisha data kwenda kwenye mfumo unaotunzwa, kama AlmaLinux au Rocky Linux. Hali ni hiyo hiyo kwa archive.debian.org na kwa seva ya matoleo ya zamani ya Ubuntu. Fundi akibadilisha anwani na kusema amemaliza, mwenye seva amuulize marekebisho ya usalama yatatoka wapi mwezi ujao. Hilo lina uzito zaidi kwa wanaoweka kumbukumbu za watu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka kuchukua hatua za kuzilinda.

Saa iliyorudi nyuma

Kuna kosa moja linalowasumbua sana wenye kompyuta za kununuliwa mitumba au za msaada. Mashine inafika kwenye ghala, lakini inakataa orodha kwa madai kwamba faili ya Release bado haijaanza kutumika. Mara nyingi ghala halina kosa. Saa ya kompyuta ndiyo imerudi nyuma miaka mingi kwa sababu betri ndogo ya kwenye ubao mkuu imekufa, na umeme ukizimwa tarehe inapotea. Orodha huwa na tarehe, na mashine inayodhani huu ni mwaka 2010 huona orodha ya leo kama ya siku zijazo. Tovuti salama nazo hukataa kufunguka kwa sababu iyo hiyo.

Rekebisha tarehe kwanza, kisha jaribu tena. Baadaye badilisha betri. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara ya CR2032, inayouzwa hata kwa mafundi wa saa.

Ufunguo wa ghala na wageni kwenye orodha

Kila ghala hutia saini orodha yake kwa ufunguo wa kidijitali. Mashine hulinganisha saini hiyo na ufunguo ilio nao, zisipolingana, hukataa. Kinga hiyo ndiyo inayomzuia mhalifu kusimama katikati ya mtandao na kuingiza kifurushi chake. Funguo nazo hubadilishwa. Aprili 2025 watunzaji wa Kali Linux walitangaza kwamba wamepoteza uwezo wa kutumia ufunguo wao wa zamani, na watumiaji wakalazimika kupakua mpya kwa mkono kabla ya kuendelea kusasisha.

Ukiona onyo la NO_PUBKEY, nenda kwenye tovuti rasmi ya wenye ghala na ufuate maelezo yao ya ufunguo mpya. Kuna ushauri mwingine wa haraka, wa kuongeza maneno trusted=yes kwenye mstari wa ghala. Maneno hayo huiambia mashine iache kukagua saini. Yasiwekwe.

Tahadhari hiyo inagusa pia maghala ya watu wengine, yanayoongezwa kwa kunakili amri kutoka kwenye video ili kupata programu fulani. Kifurushi kinapowekwa huendesha maagizo yake kwa mamlaka kamili ya mwenye mashine. Kwa hiyo kuongeza ghala ni kumkabidhi mgeni funguo za nyumba, na si kwa siku moja tu: kila utakaposasisha, chochote atakachokuwa ameweka humo kinaweza kuingia. Fungua folda ya /etc/apt/sources.list.d/ na usome majina yaliyomo. Ambalo hakuna anayekumbuka liliwekwa kwa nini, liondolewe.

Upya peke yake nao si usalama. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mlango wa siri ulikuwa umepenyezwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili inayotumiwa karibu kila mahali kwenye Linux. Mhusika, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejenga imani kwa watunzaji kwa muda wa miaka miwili hivi. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo thabiti ya Debian hayakuwa yameathirika; waliofikiwa ni wanaotumia matawi ya majaribio. Mashine inayohudumia umma ibaki kwenye toleo thabiti, na mistari ya matoleo mawili tofauti isichanganywe kwenye orodha moja.

Kuhama toleo

Kwenye Ubuntu, njia sahihi ya kuhama ni sudo do-release-upgrade. Kufungua faili na kubadilisha neno focal kuwa jammy kwa mkono kunaweza kuacha mashine nusu huku nusu kule. Toleo la muda mrefu huhamia lile linalofuata tu, mwenye 18.04 hupitia 20.04 kwanza. Kazi hiyo hula gigabaiti kadhaa na saa kadhaa, kwa hivyo hifadhi nakala ya faili muhimu, chagua siku isiyo na wateja, na usiianze mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara bila kuwa na akiba ya umeme.

Jambo linalosahaulika ni kwamba chombo hicho huzima maghala ya watu wengine wakati wa kuhama. Baada ya kumaliza, programu zilizotoka huko zinaendelea kufunguka kama kawaida lakini huenda hazisasishwi tena. Rudi kwenye ile folda ukague kila moja, uiwashe kwa anwani ya toleo jipya au uiondoe.

Kivinjari nacho kiangaliwe peke yake. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kwa mfumo mwingine uitwao snap, nje ya orodha iliyoelezwa hapa. Hujisasisha yenyewe mashine ikiwa kwenye intaneti, na anayetaka kuharakisha ataandika sudo snap refresh.

Bando na umeme

Shule yenye kompyuta 20 haina haja ya kupakua kifurushi kimoja mara 20. Programu ya apt-cacher-ng huwekwa kwenye mashine moja, nyingine zikaelekezwa kwake kupitia mlango wa 3142. Ya kwanza inayohitaji kifurushi hukileta kutoka nje. Zinazofuata hukichukua humo humo ndani. Njia hii hufanya kazi vizuri kwa maghala yanayoanza na http, kama yale ya mfano wa juu.

Marekebisho ya usalama yanaweza kuachiwa unattended-upgrades, ambayo kwenye Ubuntu huja imewashwa. Inahitaji mashine iwe imewaka na ina intaneti. Saiba inayozima kila kitu kwa swichi kuu saa ya kufunga inaweza kukata kazi katikati. Ikitokea hivyo, sudo dpkg --configure -a humalizia kilichobaki. Kiini cha mfumo kikisasishwa, mashine lazima iwashwe upya. Pakiwa na faili ya /var/run/reboot-required, inasubiri hilo.

Mwenye Ubuntu ya muda mrefu asiyeweza kuhama mara moja anaweza kujiandikisha Ubuntu Pro, inayorefusha marekebisho ya usalama hadi miaka 10 tangu toleo litoke. Mtu binafsi hupewa bila malipo kwa mashine hadi 5, zikiwemo za biashara yake. Saiba nyingi ndogo za mtaani hazizidi idadi hiyo.

Zimebaki mashine kongwe kabisa. Andika lscpu na usome mstari wa op-mode. Ukionyesha 64-bit, mashine inaweza kuwekewa toleo la sasa hata kama mfumo uliomo ni wa biti 32. Ukionyesha 32-bit pekee, Debian 13 haiwekwi hapo tena. Iliyobaki ni Debian 12, ambayo imepangiwa marekebisho hadi Juni 2028. Baada ya tarehe hiyo, mashine ya namna hiyo iondolewe kwenye intaneti na itumike kufundishia kuchapa.